Chai, Mahamri na Kamati Isiyoamua Kitu

Barua tatu tulizozichagua mwezi huu zimeandikwa na watu wasiojuana, wawili wakiwa wauguzi na mmoja mjumbe wa bodi. Anayejibu ni msimamizi wa wauguzi mstaafu aliyefanya kazi katika wodi za Mombasa.

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni inchaji, yaani muuguzi msimamizi, wa wodi ya upasuaji katika hospitali moja ya kibinafsi hapa kisiwani. Mwaka jana uongozi ulituundia kamati ya wauguzi, ukatuambia kwamba sasa tutashiriki katika utawala. Tumekutana mara tisa. Kila mara tunaletewa chai na mahamri, tunatoa mapendekezo, katibu anayaandika, yanapelekwa juu, na hayarudi. Tulipendekeza ripoti ya kupokezana zamu itolewe kando ya kitanda cha mgonjwa badala ya mezani, na mpaka leo hatujajibiwa. Katika mkutano wa mwisho tulihudhuria wanne kati ya kumi na wawili, na mkuu wa wauguzi ananilaumu kwamba watu wangu hawapendi kushiriki. Je, tatizo ni sisi?
*Inchaji, Mombasa Kisiwani*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tatizo si nyinyi, wala simlaumu aliyeleta mahamri. Kikao ambacho kazi yake ni kupendekeza tu ni sanduku la maoni lililowekewa viti, na mtu aliyetoka zamu ya usiku hawezi kuukatiza usingizi wake kila mwezi kwa ajili ya sanduku. Hao wanane waliobaki nyumbani wamepiga hesabu, na hesabu yao ni sahihi.

Nianze na jina lenyewe, hilo la kushiriki katika utawala, kwa sababu naona limechangia kuwapoteza. Jambo mnaloambiwa kwamba mnalifanya lilianza kuandikwa kwa mapana huko Marekani katika miaka ya 1980, na muuguzi ambaye hutajwa zaidi linapozungumzwa ni Tim Porter-O'Grady. Hapo mwanzo liliitwa utawala wa pamoja. Baadaye yeye na wenzake waliona kwamba jina hilo lina kasoro, maana kushirikishwa ni kumegewa, na anayemega ndiye mwenye mkate, naye akiamka vibaya ataufungia kabatini. Ndipo wakapendelea kuliita utawala wa kitaaluma, wakimaanisha kwamba uamuzi kuhusu namna ya kuuguza, ubora wa uuguzi huo na ujuzi wa wanaoutoa si hisani ya mwajiri bali ni mali ya taaluma, na kwamba mwenye uamuzi huo ndiye atakayeulizwa ukiharibika.

Hapa kwetu hoja hiyo ina mguu wa kisheria wa kusimamia. Chini ya Sheria ya Wauguzi na Wakunga, Sura ya 257, Baraza la Wauguzi la Kenya humsajili na kumpa leseni muuguzi mmoja mmoja kwa jina lake. Halimpi mkurugenzi wa hospitali leseni kwa niaba ya wauguzi wake. Ukikosea katika kazi, atakayeitwa mbele ya Baraza ni wewe. Haiingii akilini, basi, lawama iwe yako peke yako huku uamuzi ukiwa wa mtu aliye orofa ya tatu ambaye hajapata kumgeuza mgonjwa kitandani.

Tusivuke mpaka, hata hivyo. Mishahara, idadi ya nafasi za kazi, ununuzi wa vitanda na mashine, hayo ni ya uongozi wa hospitali, na katika hospitali za umma, tangu huduma za afya zigatuliwe mwaka 2013, kuajiri kwenyewe kuko mikononi mwa kaunti. Katika hayo mna haki ya kusikilizwa, si ya kuamua. Lakini saa ya kumgeuza mgonjwa ili asipate vidonda vya kulalia, namna ya kupokezana zamu, kipimo cha kumpitisha muuguzi mgeni kabla hajaachiwa wodi usiku, hayo ni yenu. Kamati yenu imekwama kwa sababu hakuna aliyewahi kuandika yepi ni yepi. Kabla ya mkutano wa kumi, nenda kwa mkuu wako na karatasi moja tu, uandike mambo ambayo kamati inaamua na kumjulisha, mambo ambayo inaamua pamoja na madaktari au famasia, na yale ambayo inashauri tu na kujibiwa kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa. Mwombe atie saini. Akikataa kusaini angalau utakuwa umejua ulipo, na chai mnaweza kunywa kwenu.

Akikuuliza mambo haya yameonekana wapi, mweleze kwamba Wamarekani walipopungukiwa na wauguzi waliacha kuuliza kwa nini wauguzi wanaondoka, wakauliza ni hospitali zipi ambazo hawaondoki. Utafiti uliochapishwa mwaka 1983 ulizipata hospitali 41 za namna hiyo, zikaitwa sumaku, na miongoni mwa yaliyozifananisha ni kwamba mkuu wa wauguzi aliketi na viongozi wa juu, na muuguzi wa wodini aliachiwa kuamua yanayohusu kazi yake. Mkuu wako anayelalamika kwamba wauguzi hawapendi kushiriki nadhani atapenda zaidi kusikia habari ya wauguzi wasioondoka.

Nami nina langu la kuungama. Nikiwa msimamizi katika hospitali ambayo sitaitaja, wauguzi watatu waliokaa Likoni na Mtongwe, ng'ambo ya feri, walikuwa wakichelewa zamu ya asubuhi karibu kila wiki. Feri moja ikiharibika, foleni hujaa mpaka nje ya banda, na hakuna amri ya ofisini iwezayo kuivusha. Ofisi ilikuwa ikiwaandikia barua za onyo, na aibu yangu ni kwamba nilizitia saini. Siku moja, nikiwa nimechoka kubishana, niliwakabidhi wauguzi wenyewe rosta ya zamu na kuwaambia waipange wanavyojua. Waliketi kwenye chumba cha kufungia vidonda baada ya wageni kuondoka, mmoja wao akachora mraba nyuma ya karatasi ya kuandikia joto la mgonjwa, na kabla ya sala ya Isha walikuwa wamemaliza: wa ng'ambo watachukua zaidi zamu za mchana na za usiku, wa Majengo na Tudor ambao huja kwa miguu watabeba asubuhi, nao kwa fidia wataachiwa Ijumaa mbili kwa mwezi. Barua za onyo zikakoma. Suluhisho lile halikuhitaji shahada. Lilihitaji watu wanaoijua feri.

Usidhani yote yalikuwa mteremko. Mwezi wa tatu rosta yao iliacha usiku mmoja wa Jumapili na muuguzi mmoja aliyesajiliwa kwa wodi nzima, na walioitwa kueleza walikuwa wao, si mimi. Walijieleza, wakaongeza kanuni kwamba rosta haibandikwi ukutani kabla ya mwenzao asiyehusika kuikagua. Kujieleza huko ni sehemu ya jambo hili ambayo kamati nyingi huikimbia, kwa kuwa kupendekeza hakumgharimu mtu kitu.

Kwa hiyo lile la ripoti kando ya kitanda lichukueni kama lenu. Lijaribuni katika wodi yako kwa miezi mitatu. Hesabuni wenyewe ni mara ngapi dripu imekutwa imekauka au dawa imerukwa katika mabadilishano ya zamu, kabla na baada. Kuweni waangalifu na siri, maana vitanda vyetu vimekaribiana na jamaa wa jirani wana masikio. Ya virusi vya Ukimwi na mengine yasiyofaa kusikiwa yabaki mezani. Na saa za kamati ziandikwe kwenye rosta kama saa za kazi. Hilo usilegeze hata kidogo.

SWALI: Shikamoo Mama. Nina miaka 29 na nimeteuliwa juzi kuwa inchaji wa wodi ya wazazi. Katika wodi hiyo yumo muuguzi aliyenishika mkono nilipokuwa mwanafunzi. Mpaka leo namwita Mama. Wiki iliyopita nilimwona akifungua kidonda cha mzazi aliyepasuliwa bila kunawa, kisha akahamia kwa mwingine. Nilinyamaza, na tangu siku hiyo silali vizuri. Nitamwambiaje mtu mzima kama yule?
*Binti wa Likoni*

JIBU: Marahaba, binti yangu. Kabla hujamwambia neno lolote, nenda kafungue mfereji wa wodi hiyo. Nasema hivi bila mzaha. Katika mji ambao maji hutufikia kwa zamu na mitungi huja kwa mkokoteni, nimeona wauguzi wakikemewa kwa kutonawa kwenye sinki ambalo halikuwa na tone tangu Jumanne. Kama mfereji ni mkavu, au sabuni imefungiwa kwenye kabati ambalo ufunguo wake umekwenda nyumbani na mtu, basi kosa la kwanza ni la wodi, na wodi sasa ni yako. Tafuta dawa ya kusugulia mikono, itundikwe kwenye kila kitanda, ndipo urudi kwa Mama.

Ukikuta maji yapo, mwite pembeni, si mbele ya wanafunzi wala wagonjwa. Endelea kumwita Mama, maana cheo hakikufuta malezi, na anayekuambia kwamba uongozi ni kubadilisha namna unavyowaita watu amekudanganya. Lakini usimpe maoni yako, mpe kanuni. Shirika la Afya Duniani liliweka nyakati tano za kusafisha mikono, zikiwemo kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya tendo linalohitaji usafi wa hali ya juu na baada ya kumgusa mgonjwa. Zibandike ukutani, umwambie, "Mama, siku ile nilikuona umevuka hapa na hapa, nami nisingependa nisikie kwa mwingine." Kisha nyamaza umsikilize. Huenda akakuambia kwamba siku ile alikuwa na wazazi kumi na sita peke yake, na utakuwa umepata jambo la pili la kulishughulikia.

Halafu mpe kazi inayolingana na umri wake. Mwombe awe mkaguzi wa mikono ya wanafunzi kwa mwezi mzima, aandike kwenye daftari. Nimewaona wakubwa wakinyooka kwa kukabidhiwa daftari kuliko kwa barua kumi. Asipobadilika, utamwandikia kama unavyomwandikia mtu yeyote, kwa kuwa yule mzazi mwenye mshono naye ni mtoto wa mtu. Uliponyamaza siku ile ulimhurumia mmoja, ukawasahau wawili.

SWALI: Mimi ni mjumbe wa bodi ya hospitali ndogo ya jamii upande wa Nyali. Bodi yetu ina daktari, wakili, mhasibu na wafanyabiashara wawili. Mjumbe mmoja kijana anasisitiza tumwingize muuguzi. Mimi sina chuki nao, ila nauliza: wauguzi si wana chama chao cha kuwatetea? Na kazi yao si kutekeleza anayoagiza daktari?
*Mzee, Nyali*

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Vitu vitatu vimechanganyika katika swali lako. Chama cha wafanyakazi hutetea maslahi, nacho kina haki hiyo kwa kifungu cha 41 cha Katiba. Ndicho kilichoongoza mgomo wa mwaka 2017 uliodumu takriban miezi mitano. Baraza la Wauguzi hulinda umma dhidi ya muuguzi asiyefaa. Kiti cha bodi si hiki wala si kile. Anayekikalia hakuja kudai posho, amekuja kuwaeleza nyinyi mnaoamua mambo ya fedha kile ambacho fedha hiyo inafanya au inashindwa kufanya saa tisa za usiku.

Na hilo lina uzito unaopimika. Mwaka 2002 mtafiti wa uuguzi Linda Aiken na wenzake walichapisha uchunguzi wa hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania huko Marekani, wakaona kwamba kila mgonjwa mmoja wa upasuaji aliyeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30 tangu kulazwa. Mhasibu wenu akipunguza muuguzi mmoja wa usiku, ataona akiba kwenye daftari lake. Upande wa pili wa hesabu hiyo hauandikwi kwenye daftari lolote alilo nalo.

Kuhusu kutekeleza ya daktari, nitakukumbusha jambo ambalo nina hakika umelisikia msikitini. Sahaba Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq alipelekwa kwenye hema la Bi Rufaida, na hema lile lilijulikana kwa jina lake yeye, mwanamke aliyewauguza majeruhi kwa ujuzi wake. Daktari wenu hupita wodini asubuhi na pengine jioni. Muda wote uliobaki mgonjwa yuko na muuguzi, na mengi yanayoamuliwa katika muda huo hayasubiri kuagizwa.

Mkikubali, mpeni kura, msimfanye mwalikwa. Awe mkuu wa wauguzi au mtu aliyechaguliwa na wauguzi wenyewe, si jamaa wa mjumbe aliyewahi kusomea uuguzi zamani. Ripoti yake iwekwe mapema kwenye ajenda, kabla ya mambo ya ujenzi, kwa sababu bodi zetu zikifika kwenye ujenzi hazitoki, na baada ya hapo watu huanza kutazama saa. Na katika kikao cha kwanza mwulizeni idadi ya wagonjwa aliokuwa nao kila muuguzi usiku uliotangulia, wodi kwa wodi, kisha mwacheni amalize kujibu.