Jibu kwa mdogo wangu wa Katuba anayesema amebaki mzigo

Mdogo wangu, umeandika kwamba tangu sukari ikufikishe kwenye sindano umeacha udereva, unashinda uani kwa mama yako ukilishwa bukari, na insulini yako unaihifadhi kwenye chungu kwa sababu umeme haueleweki. Halafu ukauliza mtu kama wewe anaishi kwa ajili ya nini.

Mimi ni SS tangu kuzaliwa (wengine wanasema selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi), nina miaka 36, niko hapa hapa Lubumbashi. Mfupa wa nyonga ya kushoto umekufa kwa kukosa damu, natembea na fimbo. Sitakuambia "jipe moyo". Nimeambiwa hivyo tangu utoto na sijui bado moyo huo unauzwa soko gani.

Kilichonigeuza kilinikuta wodini. Ilikuwa Juni, baridi yetu ile kavu, inayotuletea sisi SS krizi, yaani maumivu makali ya mifupa. Nimelazwa, serumu mkononi. Kitanda cha pili palikuwa na mama kijana na mtoto wa miezi 9, vidole vya mikono na miguu vimevimba kama mandazi. Ukweni walishasema ni ulozi wa jirani. Asubuhi ile elektroforezi, kipimo cha damu, ikarudi: SS. Shangazi wa mume akatoa hukumu pale pale kwamba watoto hawa hawafiki mbali, dawa ni kutupa pesa.

Shangazi alipotoka nikamwambia yule mama kwamba hata mimi ilinianza hivyo hivyo, vidole kwanza. Akanigeukia.

"Yaya, wewe uko na miaka ngapi?"

"31."

Akauliza tena. Kisha akalia, akatoka kwenda kumwita mama yake aje anione. Na macho yangu ya njano, kitambaa cha kichwa kimekaa upande, nikaangaliwa kama bibi harusi! Maisha yote nilikuwa nahesabu nisivyoweza: kubeba maji, kusimama sokoni, kuzaa. Umri wangu sikuwahi kuuhesabu kama kitu cha kumpa mtu.

Sasa Jumanne na Ijumaa naenda wodi ya watoto. Nawaonyesha akina mama kupapasa bandama: mtoto alale chali, vidole chini ya mbavu za kushoto, taratibu, kila siku, mpaka mkono uzoee ukubwa wake. Siku ikivimba ghafla na midomo ya mtoto imepauka, hakuna kungoja kuche, hakuna kupitia kwanza kwa mchungaji. Damu inajikusanya mle ndani na mtoto anaweza kuondoka kwa saa chache. Muuguzi mmoja ndiye alinifundisha. Yeye hana muda wa kumrudia kila mama mara tatu, mimi ninao. Mengine unayajua: maji, chandarua, asidi foliki, sweta. Tena nawaambia akina baba kwamba wote wawili wamebeba AS, yaani jeni moja ya SS bila wao kuugua, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto SS, basi mwanamke asifukuzwe peke yake. Hilo limenipatia maadui.

Usidhani yote yalikwenda vizuri. Mwaka wa kwanza nililala siku tatu mfululizo kwenye sakafu ya hospitali nikimlinda mtoto wa watu. Siku ya nne nikalazwa mimi. Mama yangu alikuja na sombe, akaiweka chini, hakunisemesha mpaka jioni, na alikuwa na haki. Mtoto mmoja niliyempenda sana alifariki, nikakaa miezi miwili bila kukanyaga pale. Krizi zangu hazijapungua kwa sababu ya wema. Leo nikiamka mifupa inauma, siendi, na simwombi mtu msamaha.

Wewe usianzie hospitali. Hapa kwenye avenyu yetu kuna baba mmoja, insulini yake anaiacha kwenye bakuli la maji juu ya kabati, chini ya bati, Oktoba hii na joto lake. Mkewe ananiuliza mimi, na mimi sukari siijui. Hebu andika hapa chungu chako unakitengenezaje: mchanga unaweka kiasi gani, unaulowesha mara ngapi kwa siku, chupa unaifunga na nini isiingie maji. Nitamsomea jioni.