Upekuzi, masijala ya siri na moto

SWALI: Mimi ni mtunza kumbukumbu katika halmashauri moja ya wilaya hapa Tanzania. Nimehamishwa kutoka masijala ya wazi kwenda masijala ya siri na nimetakiwa kujaza upya fomu za upekuzi, yaani uchunguzi wa mtumishi kabla ya kukabidhiwa mambo ya siri. Je, upekuzi ukikamilika nitaruhusiwa kusoma majalada yote? Na moto ukizuka, niokoe yapi kwanza?

JIBU: Ndugu, upekuzi humpima mtu kwa dhamana anayokwenda kukabidhiwa, na kwa kuwa hali ya mtu hubadilika kwa ndoa, madeni au biashara za pembeni, kurudiwa kwake si tuhuma. Jaza ukweli mtupu, hasa kuhusu madeni, kwa maana deni ulilolificha ndilo atakalolitumia mtu mwenye nia mbaya kukushinikiza.

Kupekuliwa hakukupi ruhusa ya kusoma kila kitu. Jalada la nidhamu la mtumishi utalisajili, utalitia namba za folio (namba za kurasa zilizomo ndani yake), utalipeleka kwa mhusika na kulirudisha kabatini; kulisoma kwa sababu tu funguo unazo wewe si sehemu ya kazi hiyo. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 inakataza kumpa taarifa za siri mtu asiyeruhusiwa, na mwenzako wa chumba cha pili, hata kama naye amepekuliwa, anaweza kuwa ndiye mtu huyo.

Kuhusu moto, usiokoe jalada hata moja. Funga kabati na mlango, toka, kisha piga 114 uwapate Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Karatasi zilizorundikwa uani huku watu wakikimbia huku na huko huibwa kwa urahisi kuliko zilizofungiwa. Uokoaji wa majalada hufanyika miezi kadhaa kabla ya moto, na huanzia kwenye kabati lenyewe: la chuma la kawaida humzuia mwizi, halizuii joto. Kabati la kuhimili moto hutengenezwa ili joto la ndani lisivuke takriban nyuzi 177 za Selsiasi kwa muda uliothibitishwa, kwa mfano saa moja au mbili. Kiwango hicho huinusuru karatasi, lakini diski za kompyuta huhitaji kabati lisilovuka nyuzi 52 hivi, kwa hiyo nakala za kielektroniki zihifadhiwe katika jengo lingine lenye ulinzi uleule.

Wazimamoto hawajapekuliwa, nawe usiwazuie mlangoni. Wakishamaliza, andika ni nani walioingia, omba mlinzi, kisha hesabu majalada moja baada ya jingine kwa kufuata rejista. Yaliyolowa yaanze kukaushwa ndani ya saa 48, kabla ukungu haujaota, na yakaushiwe katika chumba kinachofungwa, kamwe si juani uwanjani.

Funguo za akiba zikae kwa mkuu wa ofisi katika bahasha iliyotiwa lakiri na kusainiwa. Bahasha hiyo ikifunguliwa kwa dharura, kitasa kibadilishwe.