Nimesikia amani moyoni, je, ni jibu la Mungu?

SWALI: Shikamoo mtumishi. Mi ni mkulima wa korosho huku Masasi. Baba alifariki akaacha shamba la mikorosho, hakuacha wosia, tupo wawili tu, mimi na dada yangu mkubwa aliyeolewa Lindi. Tangu msiba mimi ndo napalilia, mimi ndo nanunua salfa ya kupulizia mikorosho, mimi ndo nalipa vibarua, na hela ya mnada inaingia kwenye akaunti yangu. Sasa dada anataka fungu lake. Nimefunga na kuomba, na kila nikiomba nasikia amani kabisa kwamba shamba ni langu. Ila kuna ndugu kanisani ananiambia amani hiyo nisiiamini. Simu za dada kwa sasa sipokei, zinanivuruga. Je, nifunge tena nipate uhakika?

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Huyo ndugu wa kanisani mshukuru, maana wengi wangekuambia tu "Mungu kasema nawe" yakaisha.

Soma Yona sura ya 1 leo leo. Mungu kamtuma Ninawi, yeye kapanda merikebu ya Tarshishi, bahari imechafuka mpaka mabaharia wanatupa mizigo majini, na Yona yuko chini pande za ndani kalala usingizi mzito. Ungemwamsha ukamuuliza unajisikiaje si ajabu angekwambia niko poa tu! Alafu nenda Luka 22 umwone Bwana Yesu pale mlima wa Mizeituni, yeye ndo anatii, na jasho linamtoka kama matone ya damu. Sasa kama kipimo ni amani moyoni, Yona ndo angekuwa mtiifu.

Sisemi amani ya Mungu haipo, ipo, Paulo kaiandika Wafilipi 4. Ila yako wewe imekuja ikiwa na hela ya korosho ndani yake, lazima uiulize maswali. Yeremia 17:9 inasema moyo huwa mdanganyifu kuliko vitu vyote, na moyo ukishataka kitu hauna shida kukutafutia na utulivu wa kukisindikiza. Tena hapo hapo unasema simu za dada zinakuvuruga, kwa hiyo hiyo amani inakaa tu pale dada asipoongea??

Injili imefika Masasi tangu 1876, sio kwamba hatuna Neno, ila siku hizi mtu akishasema "nimesikia amani" mjadala umefungwa, hata mchungaji anaogopa kuuliza.

Sasa Neno lenyewe. Hesabu 27, binti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa wakadai urithi wa baba yao, na Mungu akasema wamenena lililo haki. Kweli wale hawakuwa na kaka, kwa hiyo sikuambii mstari huo unagawa shamba lenu nusu kwa nusu. Na Luka 12 kuna mtu alimwambia Yesu amwamuru ndugu yake agawane naye urithi, Yesu akakataa kuwa mgawanyi wao, ila akasema jilindeni na choyo. Yaani hesabu ya mikorosho hakuwapigia, moyo ndo aliugusa.

Ya kufunga tena, hapana, kwanza soma Isaya 58. Watu walifunga wakalalamika mbona Mungu haoni, akawaambia saumu anayoitaka yeye, na mstari wa 7 unamalizia usijifiche na mtu mwenye damu moja nawe. Ndugu yangu, kutopokea simu ya dada yako wa tumbo moja ni nini kama sio kujificha?

Kwa hiyo mpigie wewe. Asipopokea mara ya kwanza usikasirike, naye kazoea kupiga bila kujibiwa. Kaeni na wazee wa ukoo, wewe njoo na karatasi zako za salfa, vibarua na malipo ya chama cha msingi cha wakulima, jasho lako lihesabiwe maana ni haki yako kabisa, alafu kinachobaki ndo muongelee. Mkishindwana mirathi inafunguliwa Mahakama ya Mwanzo, sio dhambi kwenda, ila msianzie huko. Na siku ya kikao inawezekana utaenda tumbo linakuvuruga na huna amani hata kidogo, nenda hivyo hivyo.