Maswali ya wasomaji: Kwani Anarkali alikufa au hakufa?

Safari hii barua karibu zote zimeangukia picha moja tu, Mughal-e-Azam, ile ya Kihindi ya mfalme Akbar na mwanawe Salim aliyempenda Anarkali, binti mcheza ngoma wa ikulu, baba hataki. Kosa langu mwenyewe, toleo lililopita niliitaja juu juu nikapita zangu. Haya, tuanze.

Shikamoo Mjomba. Mi na dadangu hatuongei tangu Jumapili. Yeye anasema Anarkali alijengewa ukuta akafia humo humo, mi nasema aliachiwa. Nyumbani tulikuwa na kaseti ya hiyo picha tukaiangalia mpaka ikalegea. Nani mkweli? (Msomaji, Tanga)

Marahaba mwanangu. Kabla sijajibu, hiyo kaseti yenu ilikuwa ya dakika 180? Maana picha yenyewe inakwenda masaa matatu na kama dakika 17 hivi, na kaseti tuliyokuwa tunakodi mtaani kwetu ilikuwa ya masaa matatu, sasa piga hesabu mwenyewe. Ukuta unapanda, bibi yangu keshaanza kujipangusa macho na ncha ya kanga, halafu chenga. Basi, imeisha hiyo. Mtaa mzima tulijua binti kafa na wengine mpaka leo ukiwaambia vingine wanakuona muongo.

Kwenye picha hafi. Kuna njia ya siri chini kwa chini na Akbar mwenyewe ndo anayemtoa, yeye na mamake, kwa sharti kwamba Salim asijue kamwe. Na hakumtoa kwa huruma tu hivi hivi, mwanzoni kabisa kuna kijakazi alimpelekea Akbar habari kwamba kapata mtoto wa kiume, mfalme kwa furaha akavua pete yake akampa, akamuahidi siku ukiwa na shida njoo uombe. Yule kijakazi ndo mamake Anarkali! Miaka inapita anakuja kudai. Hiyo pete watu wengi inawapita maana mwanzoni bado wanahangaika na chai na kashata.

Ila dadako naye usimdharau. Picha imetokana na tamthilia ya jukwaani, Anarkali, ya Imtiaz Ali Taj wa Lahore, ya mwaka 1922, na humo njia ya siri hakuna, binti anazikwa hai. Mwongozaji wa picha, K. Asif, ndo aliyembakisha hai. Kwa hiyo wote wawili mna haki, pigianeni simu. Na kama alikuwepo kweli au la, vitabu vya enzi ya Akbar havimtaji na Salim mwenyewe alipokuja kuwa mfalme Jahangir akaandika kumbukumbu zake hakumgusia, ingawa Lahore kuna kaburi linaloitwa la Anarkali. Uasi wa Salim kwa babake huo ndo wa kweli, ulikuwa miaka ya 1600 hivi.

Mbona wanaongea kama wanahutubia? Na kile ni Kihindi gani, mbona maneno mengine nayaelewa bila tafsiri? (Msomaji, Mombasa)

Inaitwa picha ya Kihindi lakini maneno yamejaa Kiurdu cha ikulu, na Kiurdu na Kiswahili wote walikwenda kukopa Uarabuni. Duniya, waqt, khabar, jawab, insaf, mohabbat. Hapo nani anahitaji mkalimani.

Kuhutubia ni jukwaa hilo, halijatoka mwilini. Prithviraj Kapoor aliyecheza Akbar alikuwa na kundi lake la maigizo tangu 1944, wanazunguka nalo India mji kwa mji, sauti yake ilizoea kumfikia mtu wa benchi la mwisho. Sasa mtazame Dilip Kumar aliyecheza Salim, yeye anashusha, saa nyingine ananong'ona kabisa. Baba ananguruma, mtoto anaongea chini chini. Ukiwa na kijana wa miaka 18 ndani ya nyumba hiyo unaijua.

Kwanini katikati inakuwa ya rangi halafu inarudi nyeusi na nyeupe? Na ule unyoya? (Msomaji, Temeke)

Ilianza kupigwa nyeusi na nyeupe, wakajaribu rangi kwenye wimbo wa ukumbi wa vioo, Asif akaipenda akataka arudie yote, waliotoa hela wakasema baba tosha. Ikatoka Agosti 1960 na vipande tu vya rangi. Ya rangi tupu ilikuja 2004.

Unyoya! Salim anampitishia Anarkali unyoya usoni, taratibu, hakuna neno, hakuna kubusiana, kwa nyuma anaimba Ustadh Bade Ghulam Ali Khan ambaye alilipwa rupia 25,000 kwa wimbo enzi ambazo waimbaji wakubwa walilipwa mia chache. Basi jua kwamba wakati ule Dilip Kumar na Madhubala, aliyecheza Anarkali, walikuwa wapenzi na walishaachana, hata salamu hamna. Mi sijui waliwezaje. Na yule dada alikuwa mgonjwa wa moyo, alifariki 1969 na miaka 36 tu.

Mume wangu anasema hii ni picha ya mapenzi. Mi naona ni ya baba mkorofi na mama asiye na pa kukimbilia. Nani yuko sahihi? (Mama wa watoto wanne, Unguja)

Wewe, mama. Mapenzi ni njiti tu ya kuwashia moto. Picha inaanza na baba anatembea peku jangwani kwenda kwa walii kuomba apate mtoto, halafu mtoto huyo huyo ndo anakuja kumkabili na jeshi. Mi ukiniuliza ningeiita jina la Jodha, mamake Salim. Yuko kati, mume huku mtoto kule, kila mmoja anamvuta upande wake. Kuna pale Akbar anajiandaa kwenda kupigana na Salim, na upanga anautaka kutoka mkononi mwa mkewe. Aue mwanawe na upanga aliopewa na mama mtu! Durga Khote aliyecheza Jodha anaubeba ule upanga kama mtu aliyebebeshwa maiti. Mwambie mzee aangalie hapo, ila asiwe ameshika simu.