Maswali Yenu: Bembezi ya Mto Tana na ubeti unaowaponyoka watoto

SWALI: Wanafunzi wangu wa darasa la nne huimba vizuri ubeti wa kwanza wa wimbo wetu wa taifa, lakini wa pili huwaponyoka katikati. Tatizo ni nini? Na je, ni kweli sauti yake ilitoka kwa Wapokomo?
Mwalimu, Kilifi

JIBU: Ni kweli, Mwalimu. Sauti ya wimbo wa taifa wa Kenya, "Ee Mungu Nguvu Yetu", ni ya bembezi ya Wapokomo wa Mto Tana, "Bee Mdondo Bee", na anayetajwa kuwa mtunzi wake ni Mzee Meza Moroa Galana. Mwaka 1963 ilichukuliwa na kamati ya watu watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Wakaipanga upya, wakaitungia maneno ya sala, ikawa tayari kwa uhuru wa 12 Desemba.

Walichagua vyema mno. Bembezi huimbwa na mama peke yake, bila ngoma, kwa pumzi fupi fupi. Ndiyo maana hata leo uwanja mzima huuimba bila bendi na usipotee.

Sasa hesabu silabi. Katika ubeti wa kwanza, "Natukae na undugu" ina 8; mahali pake katika wa pili, "Nchi yetu ya Kenya" ina 7 (N ya "nchi" ni silabi kamili). Mstari unaofuata ni hivyo hivyo: "Amani na uhuru" ya ubeti wa kwanza ina 7, "Tunayoipenda" ya wa pili 6. Muziki ni ule ule, kwa hiyo kuna silabi ya kuvutwa. Mtoto aliyezoea ubeti wa kwanza havuti, basi maneno yanamwishia kabla ya sauti.

Waache wavumishe mistari hiyo miwili midomo imefumbwa, mara tatu nne, huku wakipiga makofi. Kisha tia maneno polepole, mkubaliane darasa zima ni silabi ipi itakayovutwa. "Tuungane mikono, Pamoja kazini" ina 7 na 6 vilevile, kwa hiyo ubeti wa tatu utakuwa umepona pia.

Wakikaza shingo, mmeanza juu mno. Tafuta kwanza noti ya juu kuliko zote, waifikie kwa raha, ndipo urudi mwanzo.

Na ubaoni andika "Natukae", neno moja. Hiyo "na" ni ya kuhimiza, haiunganishi kitu. Ukiitenga, watoto hupumua baada yake, na ombi linakatika.