Mama alichanjwa, lakini kinga haikuingia

Kadi ya mama ilikuwa na mihuri mitatu ya chanjo ya homa ya ini B, na sisi watoto wake tukaona hiyo kazi imekwisha. Wakati huo alikuwa anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, sukari na presha zilishamaliza figo. Tulipohamia kituo kingine, dada muuguzi akaniuliza: "Baada ya sindano ya mwisho alipimwa kinga?" Hakupimwa. Majibu yalipotoka yalisema 4. Inayotakiwa ni angalau 10.

Nilikasirika, nikadhani tulipewa chanjo mbovu. Daktari akanielewesha kwamba chanjo huufundisha mwili kutengeneza kingamwili wenyewe, na mwili ambao figo zake zimeshindwa ni mzito kufundishika. Uchafu unaobaki kwenye damu hudhoofisha chembe nyeupe zinazopaswa kumtambua mdudu. Weka na umri juu yake, weka na sukari. Ndiyo maana mtu wa mashine hupewa dozi maradufu: mikrogramu 40 badala ya 20, na kwa aina ya chanjo aliyotumia mama ni sindano nne, yaani siku ya kwanza, kisha baada ya mwezi mmoja, miwili na sita. Yeye alichomwa 20, mara tatu.

Hili si jambo dogo. Mtu mzima mwenye afya akiambukizwa, mara nyingi mwili huvifukuza virusi. Kwa mgonjwa wa figo mara nyingi hubaki kwenye ini miaka na miaka, pengine bila hata macho kuwa ya njano. Tena virusi hivi huweza kukaa hai juu ya meza au kifaa kwa siku saba. Fikiria chumba ambamo wagonjwa wanapokezana viti.

Kwa hiyo, kama nyumbani una mgonjwa wa sukari au presha na daktari ameanza kutaja kreatinini (uchafu wa damu unaopimwa kuona figo zinavyofanya kazi), naomba usisubiri mashine. Apimwe kama hana maambukizi, kisha achanjwe sasa, figo zikiwa bado na nguvu; mwili huitikia vizuri zaidi. Sindano ichomwe begani, si makalioni ambako mafuta huizuia kufika kwenye msuli, na kama ameshatengenezewa fistula (mishipa ya mkono iliyounganishwa kwa ajili ya mashine), uchomwe mkono ule mwingine. Mwezi mmoja au miwili baada ya sindano ya mwisho, dai kipimo cha kinga. Ulizia bei yake na bima mapema. Namba iandikwe kwenye kadi, na kwa aliye kwenye mashine irudiwe kila mwaka.

Mama alirudia zote nne. Safari hii alipata 58. Mwaka uliofuata ikashuka hadi 9, akaongezewa sindano moja asubuhi ileile, kabla hajaunganishwa kwenye mashine.