Mnaoanza na gari ya kwanza: mshale wa joto ukishuka ghafla, simama

Juzi nimemkuta dogo mmoja kasimama pembeni ya barabara, boneti juu, mvuke unapaa, na yeye kavua shati kalizungushia mkononi anataka kufungua mfuniko wa rejeta, ile inayopoza maji ya injini. Nilipiga kelele mpaka watu wa ng'ambo wakageuka. Aliniangalia kama mtu niliyetaka kumnyang'anya gari. Na wiki mbili nyuma kijana mwingine, huyu tunashinda naye gereji kabisa, kafanya kitu hichohicho. Jamani wadogo zangu nawapenda, lakini siwezi kumpigia kelele kila mmoja kwa zamu yake, kwa hiyo naandika, someni wote mara moja.

1. Rejeta ya moto haifunguliwi. Ule mfuniko una springi, unashikilia presha, ndio maana maji yanapita nyuzi 100 huko ndani na bado hayachemki. Ukiufungua presha inaondoka, maji yanageuka mvuke papo hapo na yanatoka yanakufuata usoni. Minya hosipaipu ya juu kwa kitambaa, ikiwa bado ngumu kaa chini usubiri, na kama ni saa nzima basi ni saa nzima.

2. Mshale wa joto. Hapa nitakaa, nivumilieni.

Gari yangu ya kwanza ilikuwa imenizidi umri. Kabureta, choki ya kuvuta kwa mkono, mlango wa dereva unafunguka kwa nje tu, yaani kushuka lazima ushushe kioo utoe mkono ujifungulie mwenyewe. Nikikata kona ya kushoto honi inalia yenyewe, majirani walikuwa wanajua nimerudi kabla hawajaniona. Niliipenda ile gari sijui niwaambieje. Rimu nilikuwa naziosha kwa mswaki kila jumamosi. Ila kila asubuhi kulikuwa na doa la maji chini ya injini, na nilichokuwa nafanya ni kuisogeza mbele kidogo ili doa lisionekane. Miezi miwili nasogeza gari.

Sasa rafiki yangu akapata usaili wa kazi, mji wa pili, nikamwambia usipande basi nitakupeleka mimi. Tukaenda wanne, wengine wawili walikuja kwa furaha tu. Kuna mlima mrefu kule njiani, tumefika katikati mshale umeshapita nusu, unapanda. Niliuona. Aliyekaa mbele akauliza huo mshale vipi, nikamjibu huwa uko hivyo, na haukuwa hivyo hata siku moja, ila nilikuwa nimewasifia gari njia nzima na niliona aibu kusimama. Ukagusa nyekundu. Nikasema moyoni tukifika juu itapoa.

Halafu ghafla ukashuka, ukaenda mpaka chini kabisa kama gari ndio kwanza imewashwa. Nikapiga ukelele, mmeona? imepoa yenyewe! Wakapiga makofi, wote watatu, na mimi nikaachia usukani nikapiga nao.

Kumbe hosipaipu ya chini imepasuka, maji yote yamebaki barabarani. Sensa inasoma maji yanayoigusa. Maji yakiisha inabaki inaning'inia kwenye hewa tupu na inaandika baridi, huku hedi, yaani kichwa cha injini, inaungua. Dalili nyingine ilikuwepo, ukiwasha hita ukapata upepo wa baridi wakati injini ni ya moto jua hakuna maji humo, ila nani aliwasha hita siku ile. Tumeenda kama kilomita tatu, injini ikaanza kugonga, nguvu ikakata, ikazima mlimani. Hendibreki ikateleza, mmoja akaruka dirishani akatafuta jiwe la kuweka nyuma ya tairi.

Na bado sikuwa nimemaliza. Tulikuwa na dumu la maji ya baridi, nikamimina lote kwa mpigo. Nilisikia mlio mmoja mdogo tu, tii, kama glasi. Hedi ile ni aluminiamu, bloku, yaani mwili wa injini chini yake, ni chuma, aluminiamu inatanuka karibu mara mbili ya chuma, hedi ilishajipinda kwa joto na mimi nikaimwagia baridi. Ufa.

Rafiki yangu alivua viatu vyake vya usaili akavishika mkononi asivichafue, akaanza kupanda mlima kwa miguu. Alifika wameshafunga. Hajawahi kunilaumu, mpaka leo, na ningefurahi kama angenitukana siku ile ikaisha.

Fundi mzee aliyekuja kunivuta alifungua mfuniko wa oili, ndani kumekuwa rangi ya chai ya maziwa, maana yake maji yameingia kwenye oili. Akaniuliza, uliona mshale ukishuka? Nikasema ndio. Ukafanya nini? Nikamwambia tulipiga makofi. Mzee aliweka spana chini, akakaa juu ya tairi, akacheka mpaka machozi, halafu akanyamaza akauliza, na huyo wa usaili alifika? Ndiye aliyenifundisha kazi hii.

Haya tuendelee.

3. Kuwasha gari kwa waya kutoka betri ya gari nyingine: chanya kwa chanya, na hasi ya mwisho funga kwenye chuma cha injini ya gari iliyokufa, mbali na betri, kwa sababu betri inatoa gesi inayoshika moto.

4. Nati za gurudumu legeza gari ikiwa bado chini, kaza kwa kurukaruka kama nyota, rudia kukaza baada ya kilomita 80 hivi. Na spea nayo ni tairi, ina haki ya kupimwa upepo. Kuna kijana wetu alipiga jeki kwanza, akaanza kulegeza nati huku gurudumu linazunguka naye, akaniita eti nati haina uzi. Tulimpenda zaidi kuanzia siku ile, ila jeki tulimnyang'anya.

5. Mteremko shuka na gia, usiweke fri. Oili ya breki badilisha kila miaka miwili, inanyonya unyevu, ikipata moto inachemka na pedali inazama.

6. Doa chini ya gari. Usilisogelee na ufagio, lisogelee na tochi.

Yule dogo wa juzi nilikaa naye chini kwenye majani karibu saa nzima. Alikuwa anasema kaka nachelewa, wananisubiri, nikamwambia wapigie simu. Hosipaipu ilipolainika ndio akaniambia, kwa sauti ya kujitetea, lakini kaka ilikuwa imeshaanza kupoa yenyewe, mshale ulishuka mpaka chini.

Tumbo lilinikata. Nikamwambia usiwashe, usiguse ufunguo. Nikachomoa kijiti cha oili, nikafuta, nikarudisha, nikachomoa tena, tukaangalia wote wawili vichwa vimegusana. Nyeusi. Haina maziwa hata tone. Nikafungua na mfuniko wa oili, pakavu, safi. Nilimkumbatia palepale barabarani na hakujua kwa nini, halafu tukafunga kamba nikamvuta mpaka gereji, taratibu, gia ya pili njia nzima.